Koo linauma, sikio linavuja: lipi usubiri nyumbani na lipi ukimbize hospitali, kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa sita ndo huu, Makete na Mafinga baridi inakata, Mbeya asubuhi watu wanatembea na makoti kama wako safarini, na kila nyumba ukipita kuna anayekohoa au mtoto analia usiku kashika sikio. Naandika haya kwa wazazi hasa, manake kila msimu huu narudia kuona mambo yaleyale, mtoto kamiminiwa maji ya kitunguu sikioni, mwingine kapelekwa kukatwa kimeo, mtu mzima kameza kapsuli za rangi mbili siku mbili akapata nafuu akaacha. Magonjwa mengi ya koo na sikio yanaisha yenyewe, hilo lazima niliseme mapema ili mtu asikimbilie dawa kali bure. Ila yapo machache ambayo ukichelewa yanaacha uziwi, au yanaharibu moyo, au yanaua usiku huohuo, kwaiyo kazi yako mzazi ni kuyajua hayo machache.

Tuanze na koo. Likianza kuwasha na kuuma pamoja na mafua, kikohozi, sauti kukauka, macho kuwa mekundu, mara nyingi sana hao ni virusi, na antibayotiki haiui virusi hata ukinywa dozi tatu. Siku tano mpaka saba unakuwa umepona. Hapo nyumbani weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua koo uteme, mara tatu nne kwa siku (mtoto ambaye hajui kutema usimpe), kunywa vimiminika vya moto kidogo, chai ya tangawizi sawa, uji sawa, asali sawa kasoro kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, huyo asali usimlambishe kabisa kwa sababu inaweza kumletea sumu mbaya ya bakteria tumboni. Panado kwa maumivu na homa, kwa kipimo cha uzito wake kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Asprini usimpe mtoto.

Na hapa niseme la jiko la mkaa. Najua baridi ni kali, najua watu wanaingiza jiko chumbani wanafunga mlango na dirisha wanalala. Moshi unakwaruza koo na unaongeza magonjwa ya masikio kwa watoto, hilo moja, la pili ile hewa ya mkaa haina harufu na imeshaua familia nzima usingizini. Litoeni nje kabla ya kulala, ongezeni mablanketi.

Sasa koo la kuogopa ni lile linaloanza ghafla, homa kali, kumeza shida, na HAKUNA mafua wala kikohozi. Mwambie afungue mdomo umulike kwa tochi ya simu, ukiona tonsesi zimevimba, nyekundu, zina madoa meupe ya usaha, na chini ya taya ukishika tezi zimevimba zinauma, hasa kama mtoto ana miaka 5 hadi 15, mpeleke kituoni usingoje. Huyo anaweza kuwa na bakteria wanaoitwa streptokoka, na ubaya wao hauishii kooni. Wiki mbili tatu baadaye, wakati koo limeshapona na wewe umeshasahau, kinga ya mwili wa mtoto inaweza kugeuka na kushambulia mwili wenyewe, magoti yanavimba, kesho kiwiko, keshokutwa kifundo cha mguu, na kimyakimya valvu za moyo, vile vilango vya kupitishia damu, zinaharibika. Wapo vijana ambao hawakuzaliwa na tatizo lolote, leo wanasafiri mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar kwa ajili ya valvu, na chanzo chake ni koo la utotoni. Tiba yenyewe ni rahisi, penisilini, ama sindano moja ya msuli au vidonge siku 10, na ikianza ndani ya siku 9 tangu koo liumwe inazuia ule ugonjwa wa moyo. Siku kumi ni kumi, hata kama siku ya tatu anacheza mpira.

Usiku huohuo bila kungoja asubuhi, tafuta bodaboda, tafuta jirani mwenye gari, kama mtoto au mtu mzima hawezi kumeza hata mate na udenda unamtoka, au anapovuta pumzi unasikia mlio wa kukwaruza kooni akiwa ametulia, au mbavu zinaingia ndani, midomo inabadilika rangi, hawezi kufungua mdomo, sauti imekuwa nzito na maumivu yapo upande mmoja tu. Hii ya mwisho mara nyingi ni jipu pembeni ya tonsesi, linatakiwa litobolewe na daktari. Mtoto anayehangaika kupumua mwache akae anavyotaka mwenyewe, usimlaze chali na usimwingizie kijiko mdomoni kuangalia, unaweza kuiziba njia kabisa.

Nije kwenye kimeo, na hapa naomba mnisikilize jamani. Kimeo ni ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya mdomo, kila binadamu anayo, na kazi yake ni kusaidia chakula kisipande puani na kulainisha koo. Koo likiwa na maambukizi na chenyewe kinavimba, kinaonekana kirefu, afu koo likipona kinarudi. Kwaiyo mtoto anayekohoa mwezi mzima, anatapika akikohoa, haongezeki uzito, sio kimeo kinachomuua. Anaweza kuwa na nimonia, pumu, aleji ya vumbi au kifua kikuu, na vyote hivyo vina vipimo na tiba, TB hasa dawa zake ni bure. Wakati unampeleka kwa mkata vimeo ugonjwa wenyewe unaendelea kula mapafu. Na kile kiwembe au kisu, umeuliza kimetumika kwa nani kabla? Watoto wanaletwa hospitali wametoka damu mpaka wamekauka, wengine wamepata pepopunda, usaha kooni, na hatari ya virusi vya ukimwi ipo kabisa. Mama mkwe akisema "na baba yake tulimkata huyo", mjibu kwa heshima, "sawa mama, ila ngoja kwanza daktari apime kifua," na uende kweli. Kama ameshakatwa na anatoka damu, anameza damu mara kwa mara, amepauka, usione aibu wala usifiche, nenda useme ukweli, wanataka kumwokoa.

Mengine ya koo nayapitia haraka. Mwiba wa samaki, na sisi tunaopata samaki wa Kyela tunaujua, ule ushauri wa kumeza tonge kubwa la ugali uache, linausukuma mwiba uchome ndani zaidi, nenda uondolewe. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua, kumeza kunakoanza kukwama kwanza na ugali afu mpaka uji, uvimbe shingoni usioisha, au sikio linauma upande mmoja miezi na sikioni hawaoni kitu, hasa kama ni mvuta sigara au mnywaji wa pombe kali, hiyo ni safari ya daktari bingwa wa masikio, pua na koo wiki hii, kansa ya koo ikiwahiwa inatibika. Rovu nalo, lile tezi linalokua mbele ya shingo, huku milimani limekuwepo tangu zamani kwa sababu udongo wetu una madini joto kidogo, tumia chumvi yenye madini joto na kama lipo tayari kapime.

Haya, sikio. Mtoto mdogo anaumwa sikio kuliko mkubwa kwa sababu kale kamrija kanakounganisha sikio la kati na nyuma ya pua kwake ni kafupi na kamelala, mafua yanapita kirahisi. Hawezi kusema "sikio," kwaiyo utaona anavuta sikio, analia akilazwa, hanyonyi vizuri, ana homa siku chache baada ya mafua kuanza. Mpe panado, mpeleke kituoni siku hiyo au kesho yake wamulike. Mnyonyeshe ukiwa umemwinua kichwa, chupa usimpe akiwa amelala chali, na chanjo ya PCV (ile ya kukinga nimonia) wiki ya 6, 10 na 14 pamoja na ya surua miezi 9 na 18 usiziruke, zinakinga masikio pia.

Linalonisikitisha zaidi ni sikio linalotoa usaha, manake watu wamelizoea. "Huyu sikio lake ndo lilivyo tangu mdogo, likija baridi linavuja." Hapana, hakuna sikio lililoumbwa kuvuja. Usaha ukitoka mara nyingi maana yake ngoma ya sikio imetoboka, na ukipita siku 14 unavuja hapo umekuwa sugu, na kila mwezi unaopita usikivu unapungua, mtoto anaonekana mzembe darasani kumbe hasikii mwalimu. Sikio la namna hii linahitaji kukaushwa na dawa ya matone atakayoandika mtaalamu. Kulikausha nyumbani iko hivi: nawa mikono, chukua kitambaa safi cha pamba kinachofyonza, kisokote kiwe utambi mlaini, kiingize taratibu sikioni kikae mpaka kilowe, kitoe utupe, weka kingine, endelea mpaka kitoke kikavu. Mara tatu kwa siku, matone unaweka baada ya kukausha sio kabla, la sivyo dawa inaogelea juu ya usaha. Kijiti usitumie, utambi usiuache ndani, maji yasiingie wakati wa kuoga, na mtoni au bwawani asiende kuogelea.

Matone usijinunulie tu duka la dawa bila sikio kuangaliwa. Baadhi yana dawa za kundi la jentamaisini ambazo zikipita kwenye tundu la ngoma zinaweza kuua usikivu wenyewe. Maziwa ya mama, mkojo, alovera, maji ya kitunguu, vyote hivyo nje.

Ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio na sikio linasukumwa mbele, au mwenye usaha anapata kizunguzungu kikali, mdomo umepinda upande mmoja, shingo imekakamaa, kichwa kinauma na kutapika, hiyo ni dharura, usaha umeshaingia kwenye mfupa au unaelekea kwenye ubongo. Na mtu mzima akiamka sikio moja halisikii ghafla bila sababu, aende siku hiyohiyo, kuna dawa inayofanya kazi ikiwahiwa, baada ya wiki kadhaa nafasi inakuwa ndogo sana.

Msimu wa kupukuchua maharage na mahindi watoto wanajiingizia punje masikioni. Usiweke maji, punje inavimba inabana zaidi, na usichokoe na pini, peleka watoe. Mdudu aliye hai ndo anayetisha, anatambaa mtu anapiga kelele, hapo kama sikio halijawahi kutoboka au kuvuja mlaze ubavu, dondosha mafuta ya kula ya uvuguvugu afe, afu nenda akatolewe. Betri ndogo ya duara ya saa au ya midoli ikiingia sikioni au puani au ikimezwa ni ya kukimbia, masaa mawili yanatosha kuunguza nyama.

Nta ya sikio sio uchafu, inatoka yenyewe. Vijiti vya pamba, funguo, unyoya wa kuku vinaisukuma ndani tu. Na nyie wa mashine za mbao Mafinga na za kusaga, ukitoka kazini masikio yanalia ujue yanaumia, vaeni vizibo.

Wanaosafiri kwenda Dar, basi likishuka Kitonga masikio yakaziba, meza mate, tafuna bigjii, mwenye mtoto amnyonyeshe wakati wa kushuka. Kama ni mafua ndo yameziba yanaweza kukaa siku kadhaa, ila maumivu makali au damu kapime.

Ukifika zahanati eleza imeanza lini, sikio lipi, umetumia dawa gani, beba maboksi yake hata kama ni dawa za kienyeji sema. Kama hawana kifaa cha kumulikia sikio omba rufaa, wilayani, mkoani, mpaka Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na uliza mapema siku za kliniki ya masikio, pua na koo usije ukapoteza nauli. Dozi ikiisha rudi waangalie ngoma imefunga, na mtoto akiwa bado anaongeza sauti ya tivii au mwalimu analalamika hasikilizi, omba apimwe usikivu hata kama sikio limeshakauka.