Namna ya Kusafisha Sanamu ya Marumaru ya Kiongozi wa Awali wa Maktaba

Maktaba nyingi kongwe huwaenzi viongozi wao wa awali kwa sanamu ya marumaru ya kichwa na mabega, kama ile ya Antonio Panizzi iliyochongwa na Carlo Marochetti. Panizzi, mkimbizi wa kisiasa kutoka Italia, alikabidhiwa idara ya vitabu ya British Museum mjini London mwaka 1837, akawa mkutubi mkuu kuanzia 1856 hadi 1866, na ukumbi wa kusomea wa mviringo alioupigania ulifunguliwa mwaka 1857. Kumbukumbu ya mtu wa namna hiyo inastahili mikono yenye subira, kwani msafishaji mwenye pupa huweza kuidhuru marumaru kuliko vumbi lenyewe.

Kabla ya kuigusa, ipige picha pande zote, pamoja na maandishi yaliyochongwa mgongoni. Kisha punguza mwanga wa chumba, uimulike kwa tochi kutoka ubavuni, ili nyufa na viraka vilivyozibia pua au sikio lililovunjika vijitokeze. Ukiona jiwe linadondosha chembe mithili ya sukari, au kutu inachuruzika karibu na kitako, usiendelee. Mwite mhifadhi mwenye ujuzi wa mawe, kwa sababu pini ya chuma iliyomo ndani huvimba inaposhika kutu na inaweza kuipasua sanamu.

Vaa glavu safi, maana jasho na mafuta ya vidole hupenya jiwe na kuacha umanjano. Funga utepe kwenye chuma cha brashi ya manyoya laini kisije kikakwaruza, halafu pangusa vumbi kuanzia utosini kushuka chini, bila kuharakisha kwenye mikunjo ya nywele na nyuma ya masikio, ambako vumbi hujikusanya zaidi.

Doa likibaki, lowesha kidogo pamba iliyosokotwa kwenye kijiti kwa maji yasiyo na chumvi, ujaribu kwanza mahali pasipoonekana, kisha uiviringishe juu ya doa bila kusugua, ukiibadilisha kila inapochafuka. Siki, ndimu na dawa za kusafishia choo ni marufuku kabisa: marumaru ni kalsiamu kaboneti, nayo huliwa na asidi papo hapo, na mng'ao uliopotea haurudi kwa kufuta.

Ikibidi kuihamisha, kumbuka kwamba mita moja ya ujazo ya marumaru huwa na uzito wa takriban kilo 2,700. Watu wasiopungua wawili waibebe kwa kuishika chini ya mabega, kamwe si kwa kichwa wala shingo, na kitako kihamishwe peke yake iwapo hakijaunganishwa.