Mashine haioni hata diski? Subiri, usipige windo (kuweka Windows upya) kwanza

Unawasha kompyuta, feni inazunguka, nembo inatokea, halafu kioo cheusi na maandishi meupe: No boot device found, yaani haijapata diski ya kuwakia. Hapo wengi wanakimbilia kwa fundi, na fundi naye jibu analo mfukoni, "tupige windo upya", mafaili yako kwisha habari.

Kabla ya yote, na usicheke, chomoa kila kitu: flashi, memori kadi, diski ya nje. Kuna siku shemeji kanipigia usiku eti kompyuta ya dukani imekufa, nimefika nakuta flashi ya nyimbo imechomekwa kule nyuma, mashine inahangaika kutafuta Windows humo. Nikaichomoa, ikawaka. Soda nilipewa lakini.

Ikigoma bado, ingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka: zima, washa, anza kugongagonga F2 kwa Dell na Acer nyingi, F10 kwa HP, desktopu za kuunga mara nyingi ni Delete. Humo tafuta kitu kimoja tu, je, jina la diski yako au ukubwa wake unaonekana?

Kama inaonekana, mara nyingi diski ipo hai, shida ni mpangilio au Windows yenyewe. Kwenye Boot Order (orodha ya wapi mashine ianze kutafuta Windows) weka Windows Boot Manager juu kabisa. Halafu cheki UEFI na Legacy, njia mbili za kuwasha mashine, mpya na ya zamani, maana Windows iliyopigwa kwa UEFI ukiiweka Legacy haiwaki ng'o, na kinyume chake. Utasema mbona sijagusa kitu? Angalia saa. Kama kila asubuhi mashine inakwambia ni Januari ya mwaka wa zamani huko, basi kale kabetri ka duara kama sarafu kwenye mazabodi, CR2032 ya volti 3, kameisha, BIOS inasahau ulichoiwekea na kurudi kwenye mpangilio wa kiwandani. Badilisha betri, rekebisha mpangilio, sevu utoke.

Mpangilio uko sawa na bado? Tengeneza flashi ya Windows kwenye mashine ya mtu, washa nayo, bonyeza Repair your computer, au Repair my PC kwenye Windows 11 za karibuni (Install usiiguse!), jaribu Startup Repair. Ikishindwa fungua Command Prompt, kile kidirisha cheusi cha kuandika amri, uandike bcdboot C:\Windows (inarudisha mafaili ya kuwashia) kisha Enter, ila anza na dir C: uone kama folda la Windows lipo kweli, kule ndani herufi huwa zinahama, C yako inaweza kuwa D, basi andika hiyo D.

Kama BIOS haiioni kabisa, zima, chomoa umeme, fungua kava, toa kebo ya diski uirudishe mpaka ikae vizuri, ukiwa na kebo nyingine jaribu. Desktopu iliyosafirishwa kwenye boda au basi mara nyingi tatizo huwa hapo hapo. Ikionekana tena, usianze kushangilia, washa na flashi ya Ubuntu (mfumo wa bure unaowaka kwenye flashi bila Windows), kopi vitu vyako kwanza.

Na sikiliza. Diski ya kuzunguka ikilia tik, tik, tik kama saa ya ukutani, zima na uiache, kila ukiiwasha unazidi kuikwangua. Ya kwangu ilianza hivyo, nikaiwasha mara ya tatu eti nihakikishe, ya nne haikuzunguka tena, picha za mahafali zimo humo mpaka leo, kwenye droo.