Kuichuja kahawa ya Mantiqueira kwa kitambaa

Nimekulia Machame, mlimani Kilimanjaro, kwenye kihamba cha migomba na mibuni. Kwetu tunda la kahawa lililokauka na ganda lake liliitwa buni, na bei yake ilikuwa ya chini kabisa: lililodondoka, lililochelewa, lililokaukia mtini. Kahawa ya heshima ilimenywa siku ile ile iliyochumwa, ikavundikwa, ikaoshwa, ikaanikwa kwenye vichanja. Basi niliponunua hapa Hamburg mfuko wa gramu 250 kutoka shamba la familia karibu na Carmo de Minas, Brazili, nikasoma kwamba matunda yalikaushwa mazima, nilidhani nimeuziwa buni. Nikaichemsha kwenye sufuria. Nusu ya mfuko iliishia hivyo, na inaniuma hadi leo.

Carmo de Minas iko kwenye milima ya Mantiqueira, kusini mwa jimbo la Minas Gerais. Mavuno ni Mei hadi Septemba, majira ya baridi na ukavu. Mlimani kwetu matunda huiva kuanzia Julai hadi Desemba, mvua za vuli zinayakuta, na tunda zima ukilianika linaota kuvu. Wao wana jua. Wanayatandaza matunda tabaka jembamba, wanayageuza kwa reki mara nyingi kwa siku, wiki mbili hata nne, mpaka unyevu wa punje ushuke kwenye asilimia 11 hivi. Muda wote huo punje imelala ndani ya nyama tamu ya tunda, na utaliona hilo kikombeni: karanga, chokoleti, tunda lililokauka, uchachu kidogo sana. Ni kazi ya uangalifu mkubwa, na mimi niliyefundishwa kuidharau buni nimelazimika kujifunza upya. Miteremko nayo ni mikali, mashine za kuvunia za nyanda za Cerrado hazipandi huko. Watu wanatandika turubai chini ya mibuni, wanakwangua matunda kwa mkono, kisha wanayarusha juu kwenye chekeche majani yapeperuke, kama tunavyopepeta kwa ungo.

Ukinunua, tazama tarehe ya kukaangwa kwanza. Mimi huiacha itulie siku 8 hadi 10, na huimaliza kabla ya wiki ya sita. Mwinuko wa shamba wa mita 1,200 usikutie shaka. Kule ni nyuzi 22 kusini ya ikweta, na baridi yake inazidi ile ya mita 1,200 za Kilimanjaro. Ukiona Bourbon ya njano, aina ya mbuni ambayo matunda yake yakiiva huwa ya njano, chukua. Bourbon ni jina la zamani la kisiwa cha Réunion, na wamisionari wa Kifaransa ndio walioileta mbegu hiyo Afrika Mashariki, kwa hiyo mibuni ya mama yangu na ya familia ile ni ndugu.

Sasa kuchuja. Jirani yangu, mama wa Kibrazili, alinionyesha kifuko cha kitambaa cha pamba chenye mpini, wanachokiita coador. Kikiwa kipya kichemshe dakika chache pamoja na kijiko cha kahawa, harufu ya pamba itoke. Pima gramu 30 za kahawa kwa nusu lita ya maji. Tumia mizani, kwa sababu kijiko kinadanganya. Saga wakati ule ule, chenga ziwe kama sukari ya kawaida au kubwa kidogo. Maji yakichemka, yaondoe motoni, subiri dakika moja. Punje za Brazili ni laini kuliko zetu, na maji yanayotokota yanazitoa uchungu.

Lowesha kitambaa kwa maji ya moto, yamwage, weka kahawa. Mimina maji kidogo, kama ujazo wa vikombe viwili vidogo vya kahawa, kisha acha kumimina. Kahawa itaumuka kama unga wa maandazi. Hesabu hadi 40. Halafu mimina polepole kwa kuzungusha, ukianzia katikati, bila kugusa kingo za kitambaa. Kazi yote iishe ndani ya dakika tatu na nusu hivi. Ikiwa chungu na inakwaruza ulimi, saga chenga kubwa zaidi. Ikiwa nyepesi na chachu, saga laini zaidi. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja, usiguse kingine.

Jirani huweka sukari. Mimi siweki, na ninakuomba kikombe cha kwanza ukinywe kitupu. Usikinywe cha moto sana pia. Utamu wenyewe hujitokeza kikishapoa kidogo.

Kitambaa usikifue kwa sabuni kamwe. Kisuuze kwa maji ya moto, kikunje, kizamishe kwenye bakuli la maji safi ndani ya friji, na maji hayo uyabadilishe kila siku. Kikianza kunuka au kupitisha maji kwa shida, nunua kingine.