Injini ya roketi ya maji: jinsi tulivyoitengeneza na kuipima msukumo Mikindani

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuja karakana na chupa ya soda mkononi. "Shikamoo mjomba. Nataka kutengeneza injini ya roketi." Marahaba, nikamwambia, ila kwa sharti moja: hakuna unga wala kitu cha kuwaka. Pwani hii ya Mtwara na Lindi tunaijua baruti ya kuvulia samaki na mikono iliyokatika kwa ajili yake. Maji na upepo vinatosha, kwa sababu kanuni ni ileile ya Newton: maji yakitoka chini kwa kasi, chupa inasukumwa juu. Wala injini si lazima iruke ndipo ujue nguvu yake. Hata zile kubwa hufungwa kwanza kwenye jukwaa zikapimwa.

Vifaa

Chupa ya soda ya lita 1.5, mpya, isiyokaa juani. Ya maji ya kunywa usiiguse, haikutengenezwa kubeba gesi. Bomba la PPR (plastiki inayochomelewa kwa joto) la milimita 20, ti (kiungo cha njia tatu), koki ya kugeuza robo, vali ya tairi la tyubulesi, pampu ya baiskeli yenye geji, waya wa kufungia nondo, na mpira wa ndani wa baiskeli. Mtu akikwambia utumie PVC kwa kuwa ni rahisi, kataa. PVC ikipasuka na upepo ndani hutawanya vipande vikali kama chupa ya kioo. Mimi ni fundi bomba, na kwa kazi ya upepo PVC haiingii kwangu.

Hatua ya 1: Bomba

Chomelea kipande cha bomba juu ya ti. Pembeni mwa ti weka kizibo chenye vali. Chini weka koki, kisha kifuniko kilichotobolewa milimita 8 katikati. Hilo tundu ndilo mdomo wa injini.

Hatua ya 2: Kuunga bomba na shingo ya chupa

Hapa tulipoteza alasiri tatu.

Tundu la shingo ni kama milimita 21.7, bomba ni 20. Uwazi unaobaki ni mdogo, lakini upepo hauhitaji mlango mkubwa. Siku ya kwanza tulipaka gundi ya mabomba. Haikushika, kwa sababu plastiki ya chupa haiyeyuki kwa gundi ile. Siku ya pili tukaweka silikoni, tukaiacha ikauke usiku kucha. Ilistahimili pampu chache, halafu ikachomoka yote kama ganda la yai.

Siku ya tatu nikavisha bomba kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikapaka maji ya sabuni, nikalisukuma shingoni. Lilikaza vizuri, lakini geji ikawa inashuka polepole. Tukazamisha kwenye beseni kama fundi pancha. Mapovu yalitoka mahali pamoja tu, yamejipanga mstari. Nikavua mpira, nikaupitisha ukucha: kuna ukingo mwembamba wa kiwandani unaokimbia urefu wote wa mpira, na pembeni mwa ukingo huo ndipo upepo ulipopita. Tukausugua kwa msasa laini mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Kuanzia hapo, hata povu moja halikutoka.

Angalizo zaidi. Bomba lisivuke shingo kuingia tumboni mwa chupa, la sivyo maji yatabaki yamelizunguka bila kutoka. Usiutegemee mpira peke yake kuzuia chupa isichomoke. Kwa PSI 45 (PSI ni kipimo cha mgandamizo kinachosomwa kwenye geji) chupa inasukumwa itoke kwa nguvu ya zaidi ya kilo 11. Zungushia waya nyuma ya ule ukingo wa shingo, upande wa tumbo la chupa, uushushe hadi kwenye ti pande tatu, ukaze kwa koleo kidogo kidogo kwa zamu. Ukikaza upande mmoja kwanza, chupa inalala na uvujaji unarudi.

Hatua ya 3: Jaribio la maji tupu

Jaza injini nzima maji, usibakize upepo, halafu pampu hadi PSI 60. Dakika kumi. Maji hayagandamiziki, kwa hiyo kitu kikiachia hapa kitakulowesha tu. Usiiruke hatua hii.

Hatua ya 4: Ubao wa kupimia

Mizani ya kidijitali siitaki. Inasubiri namba itulie, na injini hii inafanya kazi kama nusu sekunde. Tumia mchanga.

Weka ubao kwenye mhimili kama pembea. Mwisho mmoja funga injini, mdomo chini. Mwisho wa pili funga jiwe hadi injini tupu isawazike nalo. Sasa tundika mfuko wa mchanga uliopimwa palepale kwenye injini, ubao ulalie kigingi. Kati ya ubao na kigingi bana ukanda wa karatasi wenye kokoto inayoning'inia. Ubao ukinyanyuka hata unene wa kucha, karatasi inadondoka. Ikibaki, injini imeshindwa uzito huo.

Hatua ya 5: Kupima

Tulipima ufukweni asubuhi, maji yamekupwa, kabla kusi haijaanza kuyumbisha ubao. Tia nusu lita ya maji, pampu hadi PSI 45, chomoa pampu, miwani machoni, watu wote mita 15 nyuma. Koki ifunguliwe kwa kamba ndefu inayovutwa usawa wa ubao kuelekea mhimili. Ikivutwa juu au chini, umepima mkono wako.

Kwa hesabu, msukumo ni mara mbili ya mgandamizo ukizidisha eneo la tundu: kama nyutoni 31, sawa na kilo 3.2. Sisi, tukijumlisha mchanga na ile nusu kilo ya maji, kwa kilo 1.7 karatasi ilidondoka, kwa 2.2 ikabaki. Mpwa wangu alinyong'onyea. Kosa lilikuwa kwenye tundu: kingo zake za ndani zilikuwa kali, na maji yakipita kwenye kingo kali hujibana kuwa membamba kuliko tundu lenyewe. Tulizilainisha kwa ncha ya keekee kubwa na msasa, bila kupanua mdomo. Jaribio lililofuata, kwa kilo 2.5, karatasi ilidondoka kabla sijaachia kamba.

Ukitaka tundu la milimita 10, eneo linaongezeka zaidi ya mara moja na nusu. Andaa mchanga hadi kilo 5, na mhimili imara zaidi.