SOMO: Chimba bitcoin kwenye kompyuta yako (hazina thamani, na ndiyo maana tunazitumia)

Kila wiki ujumbe ni uleule: "Mkuu, nataka kuielewa blokcheni (daftari la miamala ya sarafu kama bitcoin), nianzie wapi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nikiulizwa tena nitabandika somo hili na kuondoka. Anayetaka kujua bei itapanda lini apite tu.

Tutatumia regtest, mtandao wa majaribio uliomo ndani ya Bitcoin Core, programu ya kuendesha Bitcoin. Unaishi kwenye kompyuta yako peke yake. Mchimbaji (anayetengeneza bloku, yaani mafungu ya miamala) ni wewe, mlipaji ni wewe, na ukitaka kudanganya, tapeli pia ni wewe. Amri zangu ni za Linux.

Hatua ya 1. Pakua programu kutoka bitcoincore.org pamoja na faili la SHA256SUMS, kisha hakiki:

`sha256sum --ignore-missing --check SHA256SUMS`

Ikijibu OK, endelea. Kabla ya hapo jaribu `printf habari | sha256sum`, halafu rudia kwa herufi kubwa mwanzoni: `Habari`. Herufi moja tu, na heshi yote (ile alama ndefu ya utambulisho wa data) inageuka. Kila bloku imebeba heshi ya bloku iliyoitangulia, kwa hiyo ukigusa ya zamani, zote zilizo juu yake zinaharibika.

Hatua ya 2. Hapa soma polepole. Mara ya kwanza niliandika `bitcoind -daemon` nikaenda kulala. Nilisahau neno moja, `-regtest`. Asubuhi kompyuta ilikuwa inakoroma kama trekta, diski imejaa pomoni, na kifurushi cha intaneti kimekwisha. Nilikuwa nimeanza kupakua mnyororo halisi wa Bitcoin, bloku zote tangu Januari 2009. Leo ni zaidi ya gigabaiti 600. Usitegemee kumbukumbu yako. Tengeneza faili `~/.bitcoin/bitcoin.conf` lenye mistari hii miwili:

`regtest=1`
`fallbackfee=0.0002`

Ndipo uwashe kwa `bitcoind -daemon`. Kabla ya kugusa kitu kingine andika `bitcoin-cli getblockchaininfo` uangalie mstari wa kwanza. Ukisema `"chain": "regtest"`, uko salama. Ukisema `"main"`, andika `bitcoin-cli stop` SASA HIVI. Na kama kwenye kompyuta hiyo una pochi yenye hela ya kweli, usifanyie majaribio hapo. Tafuta kompyuta nyingine. Mstari wa pili wa `bitcoin.conf` nao usiuruke: mtandao wako hauna historia ya ada, na bila huo programu itagoma kutuma.

Hatua ya 3. Tengeneza pochi mbili:

`bitcoin-cli createwallet mimi`
`bitcoin-cli createwallet yeye`

Hatua ya 4. Chimba.

`A=$(bitcoin-cli -rpcwallet=mimi getnewaddress)`
`bitcoin-cli generatetoaddress 101 $A`

Bloku 101 zinatoka kufumba na kufumbua, kwa sababu ugumu wa regtest umewekwa chini kabisa. Kwenye mtandao halisi bloku moja huchukua wastani wa dakika 10. Angalia `bitcoin-cli -rpcwallet=mimi getbalance`: sarafu 50. Ndiyo, bloku 101, sarafu 50 tu. Zawadi ya mchimbaji haitumiki mpaka bloku nyingine 100 zije juu yake.

Hatua ya 5. Tuma.

`B=$(bitcoin-cli -rpcwallet=yeye getnewaddress)`
`bitcoin-cli -rpcwallet=mimi sendtoaddress $B 10`

Usikimbilie kuchimba. Andika `bitcoin-cli getrawmempool` uone muamala wako umekaa kwenye foleni peke yake. Kisha `bitcoin-cli -rpcwallet=yeye getbalances`: zile 10 ziko kwenye `untrusted_pending`. Zimeonekana, hazijaaminika. Sasa chimba bloku moja kwa `generatetoaddress 1 $A`, uangalie tena. Salio la "mimi" litakuwa 89.999 na ushee. Hakuna muujiza, bloku ya pili nayo imeiva.

Hatua ya 6. Vunja. Chukua heshi ya bloku ya mwisho kwa `bitcoin-cli getbestblockhash`, uinakili mahali, kisha `bitcoin-cli invalidateblock` ikifuatiwa na hiyo heshi. Rudi uangalie foleni: muamala uliodhani umekwisha umerudi kusubiri. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wafanyabiashara husubiri bloku kadhaa kabla ya kutoa mzigo.

Maswali chini.

---

Haraka77: Nimefuata kila kitu, salio 0. Somo lako halifanyi kazi.

Mwandishi: Umechimba bloku ngapi?

Haraka77: Moja.

Mwandishi: Hatua ya 4 inasema ngapi?

mgeni_mpole: Mkuu, hizi nikizichimba nyingi naweza kuziuza?

Mwandishi: Hapana. Soma kichwa cha somo.

mgeni_mpole: Hata kwa bei ya chini?

Mwandishi: Ukimpata mnunuzi, umemtapeli. Tusonge.

nukta_tupu: Mimi inaniambia "Wallet file not specified". Ungetaja hili, watu tunahangaika.

Mwandishi: Nimelitaja kwenye kila amri inayogusa pochi: `-rpcwallet=mimi` au `-rpcwallet=yeye`. Pochi zikiwa mbili, programu haibahatishi unataka ipi. Ukikuta hazipo baada ya kuzima na kuwasha, ni `loadwallet mimi`.

bi_hesabu: Asante kwa somo, kaka. Kwa nini 100? Kwa nini mchimbaji asitumie zawadi yake papo hapo?

Mwandishi: Swali zuri dada, na jibu umeshaligusa kwenye hatua ya 6. Ulipobatilisha bloku, muamala wa kawaida ulirudi kwenye foleni. Zawadi ya mchimbaji hairudi popote. Ilizaliwa na bloku ile, inakufa nayo. Sasa fikiria angekuwa ameshailipa kwa mtu, na huyo naye amelipa mwingine: malipo yote hayo yangeyeyuka. Bloku 100 ni umbali ambao kugeuzwa kwake ni shida kweli. Ukitaka kuona zaidi, endelea kuchimba upite bloku ya 150. Kwenye regtest zawadi inakatwa nusu kila bloku 150, itashuka hadi 25. Kwenye mtandao halisi ni kila bloku 210,000, na tangu Aprili 2024 ni 3.125.

kodi_na_kahawa: Kwa nini usifundishe Sepolia, mtandao wa majaribio wa Ethereum? Ndiko kazi za mikataba erevu (programu zinazojiendesha kwenye blokcheni) ziliko.

Mwandishi: Nenda, lakini baada ya hapa. Bitcoin ina ulinzi mmoja: anwani za regtest kwa kawaida huanza na bcrt1, za kweli na bc1. Ukikosea mtandao, programu inakataa anwani. Ethereum anwani ni ileile ya 0x kwenye mitandao yote. Mimi nilitengeneza anwani ya majaribio, nikamaliza mazoezi, nikafuta ufunguo wake. Baadaye nikatuma etha (sarafu ya Ethereum) kwenye anwani hiyo nikidhani niko Sepolia, kumbe pochi iko mtandao mkuu. Muamala ulifanikiwa vizuri kabisa. Etha ile naiona mpaka leo, ipo, hakuna wa kuifungua.

kodi_na_kahawa: Duh. Pole mkuu.

Mwandishi: Nimeshapoa. Siku hizi pochi ya majaribio naitengeneza kwenye wasifu tofauti wa kivinjari, haina hata senti. Na kama kuna mtu anawaandikia pembeni kwa jina langu akiomba maneno 12 ya siri ya pochi "awasaidie", huyo ni mwizi.

bi_hesabu: Nimebatilisha bloku, nikachimba mbili mpya kwa anwani mpya, halafu nikairudisha ile ya zamani kwa `reconsiderblock`. Haijarudi kwenye mnyororo!

Mwandishi: Safi sana. Tawi lako jipya lina bloku mbili, lile moja. Nodi (kompyuta inayoendesha programu hii) hufuata lenye kazi nyingi ya uchimbaji. Andika `getchaintips`, ya zamani utaikuta imeandikwa `valid-fork`. Zawadi yako: `bitcoin-cli getblock $(bitcoin-cli getblockhash 0) 2`, chukua herufi ndefu za `coinbase`, zipitishe kwenye `xxd -r -p` ziwe maandishi. Usimwambie mtu.

bi_hesabu: Kichwa cha habari cha gazeti la The Times, tarehe 3 Januari 2009! Kumbe hata kwenye regtest kipo?

Haraka77: Nimechimba 101. Imekubali. Hiyo xxd inapakuliwa wapi?