RNA ya sombe (majani ya muhogo): kupima michirizi ya kahawia ya muhogo katika labo ndogo ya Bukavu

Mama mmoja wa upande wa Kamanyola, katika bonde la Ruzizi mashariki mwa Kongo, alinifikia na mihogo minne ndani ya kikapu. Kwa nje ilikuwa mizuri, ngozi haina doa. Nilipoipasua kwa kisu, ndani kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Akaniuliza: "Mutoto yangu, ni udongo ao ni bugonjwa?"

Kwa macho nilikuwa na jibu, lakini macho hudanganya: ukame, utitiri na njaa ya magnesiamu navyo hupaka majani rangi ya manjano. Kilichobaki ni kuitafuta RNA ya virusi, yaani uzi wa kemikali unaobeba maagizo yao. Hapa naandika namna ninavyofanya mimi, kwa ajili ya fundi wa labo ambaye tayari anajua kushika pipeti.

Unachokitafuta

Michirizi ya kahawia huletwa na virusi viwili ndugu, CBSV (Cassava brown streak virus) na UCBSV (Ugandan cassava brown streak virus). Ugonjwa wenyewe ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936, huko Amani, Tanganyika. Virusi vyote viwili vina uzi mmoja wa RNA wenye herufi (viungo vya kemikali vilivyopangwa kama maandishi) karibu 9,000 na mkia wa herufi A mwishoni. Batobato, ule ugonjwa mwingine unaokunja majani machanga, ni jambo tofauti kabisa: virusi vyake vina DNA, ndugu wa RNA, duara mbili za herufi 2,700 hadi 2,800 kila moja. Shika tofauti hiyo, maana katika hatua ya 4 utachagua chumvi, na ukichagua vibaya utamwaga mmoja kati ya magonjwa haya kwenye sinki bila kujua.

Hatua ya 1: Chuma jani linalofaa

Kwa batobato unachuma majani ya juu, machanga. Kwa michirizi fanya kinyume: shuka chini, tafuta majani yaliyokomaa yenye manjano kando ya mishipa. Virusi havikai sawasawa mwilini mwa mmea, kwa hiyo chuma majani matatu kutoka sehemu tofauti za shina moja na uyachanganye. Jani moja lisilo na kitu halitoshi kusema mmea hauna ugonjwa.

Ukiwa na barafu, weka humo. Kama huna, na kutoka bonde la Ruzizi hadi Bukavu barafu huwa maji kabla hujamaliza kupanda milima, weka vipande vya jani katika mfuko wa karatasi ndani ya chupa yenye silika ya kukausha. Jani likauke upesi likiwa bado kijani. Likianza kuwa jeusi, litupe.

Hatua ya 2: Pigana na mikono yako

Jasho lako lina vimeng'enya vinavyokata RNA vipandevipande. Glavu mpya kila unaposhika mlango, simu au pua. Mirija na ncha za pipeti za kazi ya RNA ziwe na sanduku lake, lisiguswe na wanafunzi.

Usiitegemee sana otoklevu (chungu cha mvuke wa presha cha kuua vijidudu). Kimeng'enya hiki hupikwa, kikapoa, kikajikunja upya na kurudi kazini. Tena Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi. Maji yetu huchemka karibu nyuzi 95, na otoklevu isiyo na kipimajoto, inayosomwa kwa geji ya presha peke yake, ikionyesha paundi 15 ndani huwa karibu nyuzi 118, si 121. Ongeza paundi mbili na nusu, kama chombo chako kinaruhusu.

Maji yatiwe DEPC, dawa inayozima vimeng'enya hivyo, kwa asilimia 0.1, yalale usiku mzima, kisha yaingie otoklevu ili DEPC yenyewe ivunjike. Usiitie kamwe kwenye bufa ya Tris (kimiminika cha kushikilia pH), huungana nayo na zote mbili zinaharibika. Tengeneza Tris kwa maji yaliyokwisha kusafishwa.

Hatua ya 3: Bufa ya CTAB

Kiti (seti za vifaa vilivyo tayari) za kununua zenye safu ndogo ya silika ni nzuri kwa damu. Kwa sombe mara nyingi safu huziba. Jani la muhogo lina ute na uchungu mwingi (wapishi wetu wanajua kwa nini linatwangwa na kuchemshwa muda mrefu), na vitu hivyo hung'ang'ania RNA. CTAB, sabuni ya kupasua seli, ni ya kizamani, ni ya bei nafuu, na kwa muhogo mimi naiamini kuliko kiti yoyote.

Kwa mililita 100: CTAB gramu 2, PVP gramu 2, NaCl gramu 11.7, Tris ya molari 1 yenye pH 8 mililita 10, EDTA ya molari 0.5 mililita 5, maji mpaka 100. Pasha moto kidogo ili CTAB iyeyuke. PVP ndiyo inayokamata uchungu, chumvi nyingi ndiyo inayouachisha ute. Beta-merkaptoethanoli usiiweke humo mapema. Itie dakika ile unayoanza kazi, mikrolita 20 kwa kila mililita, ndani ya kabati la labo la kuvuta hewa chafu. Inanuka kama yai lililooza, na harufu hiyo ni sumu.

Hatua ya 4: Kutoa RNA

Hapa ndipo watu wanaharakisha, na hapa ndipo wanapopoteza.

Pasha bufa nyuzi 65 kabla hujagusa jani. Chukua miligramu 100 za jani bichi, au 20 za jani kavu. Kwa nitrojeni iliyo kimiminika, saga katika kinu mpaka upate unga laini kama wa bugali. Sisi nitrojeni tunaiona mara chache. Bila hiyo, saga moja kwa moja ndani ya mililita 1 ya bufa ya moto, haraka, bila kusimama kuongea. Jani likishapasuka na kukaa wazi, vimeng'enya vyake vinaanza kula RNA papo hapo. Bufa ndiyo inayovifunga mdomo.

Mimina kwenye mrija wa mililita 2, uweke kwenye maji ya nyuzi 65 kwa dakika 15, ukigeuzageuza kila dakika 5. Ongeza mikrolita 750 za klorofomu na isoamili alkoholi (24 kwa 1), tikisa mpaka iwe kama maziwa, zungusha kwenye sentrifuji kwa mizunguko 12,000 kila dakika, kwa muda wa dakika 10.

Sasa tazama mrija dhidi ya mwanga. Chini kuna kijani kizito, katikati utando mweupe, juu maji. Unayataka maji ya juu tu. Ingiza ncha ya pipeti ukiiegemeza ukutani, vuta polepole, na uache mikrolita 100 za mwisho. Najua inauma kuziacha. Utando ukiingia kwenye ncha, umebeba kila kitu ulichokuwa unakikimbia. Rudia klorofomu mara ya pili. Kama maji bado yana rangi ya chai, rudia ya tatu.

Chumvi sasa. Ukitaka RNA peke yake, ongeza litiamu kloraidi ya molari 10, robo ya ujazo ulio nao, na uache mrija kwenye nyuzi 4 usiku kucha. RNA itashuka, DNA na sehemu kubwa ya ute vitabaki juu. Ndiyo maana kwa batobato njia hii haifai: virusi vyake vitabaki kwenye maji unayomwaga. Anayetaka magonjwa yote mawili agawe maji yake mawili, nusu moja aiwekee isopropanoli, ambayo hushusha DNA na RNA pamoja.

Usiku kucha maana yake ni frigo inayofanya kazi usiku kucha, na hapa kwetu umeme una tabia zake. Mimi huweka mirija katikati ya chupa za maji yaliyogandishwa, ndani ya termosi kubwa, na termosi ndani ya frigo. Umeme ukikatika saa nane za usiku, asubuhi naikuta bado baridi.

Asubuhi zungusha dakika 30 kwenye baridi. Kidonge cha RNA safi ni kama kioo, huwezi kukiona vizuri. Kikubwa na cheupe kama ugali ni ute. Osha mara mbili kwa ethanoli ya asilimia 70, maana mabaki ya litiamu huzuia kimeng'enya cha hatua ya 6. Kausha dakika 5 hivi, yeyusha kwa mikrolita 50 za maji safi.

Hatua ya 5: Pima

Kwenye spektrofotomita, uwiano wa mwanga unaonyonywa kwenye nanomita 260 kwa 280 uwe karibu na 2.0. Uwiano wa 260 kwa 230 ukiwa chini ya 1.5, ute au uchungu bado upo. Usitupe, punguza RNA mara kumi kwa maji na uendelee. Mara nyingi kinachokwamisha PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) hupungua nguvu kabla virusi havijawa vichache mno.

Hatua ya 6: Geuza RNA iwe cDNA, kisha PCR

cDNA ni nakala ya RNA iliyoandikwa kama DNA, na praima ni kipande kifupi cha kuanzishia nakala. Kwa kuwa virusi hivi vina mkia wa A, praima ya oligo-dT, inayonasa mkia huo, inatosha. Mimi hutumia praima za kubahatisha za herufi sita, maana RNA iliyokatikakatika huwa imepoteza mkia. Nyuzi 65 dakika 5, barafuni, kimeng'enya, nyuzi 42 kwa saa moja.

Kwa PCR, jozi ya CBSDDF2 na CBSDDR inakupa virusi vyote viwili kwa mpigo: CBSV hutoa kipande cha herufi 344, UCBSV cha 440. Nyuzi 94 sekunde 30, 52 sekunde 30, 72 sekunde 30, mara 35.

Weka mirija minne ya ushahidi: mmea unaojulikana kuumwa, mmea usio na ugonjwa, maji matupu, na jeni ya muhogo wenyewe, kwa mfano aktini. Huu wa mwisho watu wanauruka ili kubana pesa. Kama aktini haionekani, sampuli yako haijasema "sina virusi", imesema "sikutoa RNA."

Hatua ya 7: Jeli

Jeli hutenganisha vipande kwa urefu wake. Agarosi asilimia 2, volti 100, dakika 45, na ngazi (vipande vya urefu unaojulikana) ya herufi 100.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata mistari mizuri kila mahali, ya 440, iking'aa. Kisha nikatazama mstari wa maji matupu: nao uling'aa. Wiki mbili nzima nilikuwa nafungua mirija ya PCR iliyokwisha kazi juu ya meza ileile ninayoandalia mipya, kwa pipeti zilezile. Nilitupa kila bufa iliyofunguliwa, nikaosha meza kwa javeli (maji ya klorini), na tangu siku ile pipeti za jeli zina utepe mwekundu na hazivuki mlango.

Hatua ya 8: Soma mfuatano

Kipande chako ukitume mahali penye mashine ya Sanger, inayosoma herufi moja moja. Ukirudishiwa faili, fungua michoro ya vilele kwanza. Herufi 30 hadi 50 za mwanzo huwa fujo, zikate. Kata pia sehemu ya praima: hayo ni maandishi yako uliyoyanunua, si ya virusi.

Huhitaji intaneti kila siku. Usiku mmoja wenye mtandao mzuri pakua jenomu (mifuatano mizima) za CBSV na UCBSV kutoka GenBank, ghala ya mtandaoni ya mifuatano, ziwe faili moja, kisha kwenye kompyuta yako yenye programu ya BLAST, inayolinganisha mifuatano:

`makeblastdb -in virusi.fasta -dbtype nucl -out muhogo`

`blastn -task blastn -query sampuli.fasta -db muhogo -outfmt 6 -out matokeo.txt`

Usisahau `-task blastn`. Bila hayo maneno, programu hutafuta kwa namna ya haraka inayodai herufi 28 mfululizo zinazofanana, na virusi vilivyobadilika sana vinaweza kukupa faili tupu. CBSV na UCBSV vyenyewe hufanana kwa takriban asilimia 70 tu.

Katika matokeo, safu ya 3 ni asilimia ya kufanana, ya 4 ni urefu uliolinganishwa. Zisome pamoja: asilimia 99 juu ya herufi 35 haina maana, asilimia 93 juu ya herufi 380 ni jibu. Safu ya 9 ikiwa kubwa kuliko ya 10, usishtuke, mfuatano wako umesomwa kinyumenyume.

Mihogo ya yule mama ilitoa 440, na mfuatano ukakubali: UCBSV. Nilimwambia sehemu za mihogo zisizo na mabaka anaweza kula, ila miti (vipande vya shina vya kupandia) ya shamba lile asiipande tena wala asimgawie jirani, kwa kuwa ugonjwa husafiri ndani ya miti hiyo na kwa nzi weupe. Akaniuliza miti safi atatoa wapi kabla ya mvua ya mwezi wa tisa. Tulianza kupima shamba la dada yake, shina kwa shina, kuanzia hatua ya 1.