Jinsi ya kuelezea vita ya Cuito Cuanavale bila kukwama kwenye "nani alishinda"

Machi 23 ni Siku ya Ukombozi wa Kusini mwa Afrika, SADC waliipitisha 2018, na kama wewe ni mwalimu wa historia au mwanafunzi umepewa dakika kumi uongee, usije ukasoma majina ya marais mpaka watu wasinzie.

Anza na ramani. Cuito Cuanavale ni kamji kadogo kusini-mashariki mwa Angola, na usikachanganye na Kuito ya Bié, huo mji mwingine kabisa. Hakikisha Namibia inaonekana, wakati huo ilikuwa chini ya makaburu wa Afrika Kusini, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa makaburu walifuata nini Angola.

Mapigano yenyewe yape dakika mbili tu, yaani 1987 jeshi la Angola, FAPLA, liliondoka kwenda kuipiga UNITA, waasi wa Savimbi waliosaidiwa na makaburu, kule Mavinga, likakutana na makaburu mto Lomba likachapwa vibaya sana, brigedi ya 47 ikasambaratika Oktoba, waliobaki wakarudi nyuma mpaka Cuito. Novemba Castro, kiongozi wa Cuba iliyokuwa na askari wake wakiisaidia Angola, akaamua kuwaongeza, na kuanzia hapo makaburu na UNITA wakajaribu tena na tena kuwafurusha wale waliobaki ng'ambo ya mto, jaribio la mwisho Machi 23, 1988 vifaru vikanasa kwenye mabomu ya kutegwa ardhini. Basi, usianze kutaja aina za mizinga.

Hapo lazima mtu aulize nani alishinda. Maafisa wa zamani wa makaburu watakwambia hawakuwa na mpango wa kuuteka mji na wanahesabu vifaru walivyochoma, Wacuba na Waangola wanasema mji haukuanguka, mkiingia humo hamtoki. Wewe wapeleke mbele: macho ya watu yako Cuito, kumbe Wacuba wanashuka kusini-magharibi kuelekea mpaka wa Namibia, na Juni 27 ndege zao zikapiga bwawa la Calueque. Vita ikawa imefika mlangoni kwa makaburu. Desemba 22, 1988 wakasaini mkataba New York pamoja na Angola na Cuba, Azimio 435 la UN la kuipa Namibia uhuru, lililokuwa limelala tangu 1978, likaanza kutekelezwa, Wacuba nao wakakubali kuondoka. Machi 21, 1990 Namibia ikawa huru. Kwa maoni yangu ushindi upimwe hapo, sio kwenye idadi ya vyuma.

Ila usizidishe chumvi. Makaburu walikuwa wamebanwa na vikwazo na gharama, Gorbachev wa Usovieti, iliyoipa Angola silaha, naye alishachoka na vita za mbali, na SWAPO, wapigania uhuru wa Namibia, walikuwa msituni tangu 1966. Kama unaongea na watoto wa Tanzania wataje Kongwa, wapiganaji wa SWAPO walikuwa na kambi hapo hapo Dodoma, utaona wanavyoamka.

Kwa mjadala, mimi ningechukua ukuta wa majina ya waliokufa pale Freedom Park, bustani ya kumbukumbu ya Pretoria. Wacuba waliokufa Angola wamo, askari wa jeshi la makaburu hawamo, wenzao wakajenga ukuta wao Voortrekker Monument, mnara wa kumbukumbu wa makaburu, 2009. Gawa darasa mara mbili, waulize majina ya nani yakae wapi, halafu nyamaza kabisa uwaache wagombane.

Usiruke upande mchungu: Angola yenyewe haikupata amani, vita na UNITA iliendelea mpaka 2002, na mabomu yaliyotegwa kuzunguka Cuito yaliendelea kukata watu miguu miaka mingi baadaye, mtu yuko zake shambani tu.

Muda ukibaki waulize kwa nini Mandela, Julai 1991, hata miaka miwili haijaisha tangu atoke jela, alikwenda Matanzas kuwashukuru Wacuba na akaitaja Cuito kwa jina. Atakayeuliza "kwani Wacuba walifikaje huko" mwambie walianza kuingia kwa wingi 1975, MPLA, chama kilichoshika serikali ya Angola, kiliwaita Wacuba baada ya makaburu kuvamia, na hiyo ni mada ya siku nyingine.